Chambo cha Usiku

Ziwa Victoria hufika Kagongwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni bomba. Maji yanavutwa kwenye chanzo cha Ihelele, wilayani Misungwi, yanasafishwa na kusukumwa hadi Shinyanga na Kahama kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2009, na baadaye mabomba mengine yakayafikisha Kagongwa na Isaka. Njia ya pili ni gunia. Katika mji huu unaofahamika kwa mashine za kukoboa mpunga na kwa malori yanayoelekea Rwanda na Burundi, dagaa wa ziwani huuzwa kwa kopo, kwa sado na kwa gunia zima. Wanaliwa majumbani, kwa mama lishe wa kando ya barabara, na kwenye machimbo ya dhahabu kuanzia Kakola hadi Geita, mahali ambapo chakula kinachokaa siku nyingi bila friji kina thamani yake.

Karibu dagaa wote waliomo ndani ya gunia hilo walivuliwa gizani, wakifuata taa. Hakuna aliyewatupia minyoo wala chenga za ugali. Mwanga wenyewe ndio uliokuwa chambo.

Sura hii inahusu chambo cha usiku cha aina zote, tangu taa ya mvuvi wa dagaa hadi kile kisamaki cha plastiki laini ambacho wavuvi wa burudani duniani hukining'iniza kwenye ndoano baada ya jua kuzama. Ukivitazama juu juu, vitu hivi viwili havihusiani. Lakini anayefuatilia kinachotokea chini ya maji ataona vinafanya kazi ile ile: kila kimoja kinamwendea samaki kupitia mlango wa fahamu alioufungua usiku. Mvuvi anayeujua mlango huo hupata kitoweo. Asiyeujua atakesha bure, hata akiwa na vifaa vya bei gani.

Tuanze na dagaa. Wataalamu humwita Rastrineobola argentea, samaki mwembamba wa rangi ya fedha ambaye mara chache huzidi sentimita tisa, na maisha yake huhesabiwa kwa miezi badala ya miaka. Mchana dagaa wakubwa hukaa chini, karibu na sakafu ya ziwa, mbali na macho ya ndege na ya sangara. Jua likizama, vijidudu vinavyoelea majini hupanda, mabuu ya wale nzi wa ziwani ambao hupaa kama moshi juu ya maji nao hupanda, na dagaa huwafuata hadi karibu na uso wa maji. Kabla mtu hajawasha chochote, ziwa lenyewe limekwisha kuwapandisha. Anachofanya mvuvi ni kuwakusanya.

Taa huwashwa na kuwekwa juu ya maboya yanayoelea, yakiwa yamefungwa kwenye kamba moja au yametawanywa kwa umbali. Wadudu wa angani wanaangukia penye mwanga, vijidudu vya majini vinasogea, dagaa wanakuja kula. Mtumbwi wenye watu wanne au watano unasubiri pembeni, na kusubiri huko ndiko sehemu kubwa ya kazi. Kundi likishatulia, taa zinavutwa taratibu, bila papara, hadi dagaa wa taa kadhaa wawe chini ya taa moja. Hapo wavu unazungushwa na kuvutwa. Usiku mmoja unaweza kuwa na mizunguko kadhaa, na kabla ya alfajiri mitumbwi inaelekea mwaloni: Nkome upande wa Geita, visiwa vya Ukerewe na Kome, au moja kwa moja Mwanza, ambako soko la Mwaloni, Kirumba, hupokea mzigo wa nchi kadhaa.

Adui wa kazi hii ni mwezi. Mbalamwezi inapojaa, mwanga wa taa hupotea ndani ya mwanga mkubwa zaidi, na dagaa hawana sababu ya kujikusanya mahali pamoja. Ndiyo maana kalenda ya mvuvi wa dagaa si ya Januari na Februari bali ya giza na mwezi. Siku za giza anakesha ziwani. Siku za mwezi anashona nyavu, anaziba mtumbwi, anarudi nyumbani kuona watoto. Mfanyabiashara wa Kagongwa aliyezoea biashara hii naye anaijua kalenda hiyo hata kama hajawahi kupanda mtumbwi, kwa sababu bei ya gunia humwambia.

Uvuvi wa mwanga haukuanza na taa ya dukani. Kwenye Ziwa Tanganyika watu walivua dagaa wao kwa mienge ya kuni iliyowaka kwenye ncha ya mtumbwi, huku wakiwachota kwa wavu wa mkono uitwao lusenga. Kisha ikaja karabai. Taa ile ya mafuta ya taa, ambayo hupigwa pampu hadi mafuta yageuke mvuke na kuunguza kitambi cheupe, ilitengenezwa Berlin yapata mwaka 1910 na Max Graetz, na kwa jina la Petromax ikaenea duniani. Katika maziwa yetu ikawa chombo cha uvuvi hasa, na katika nusu ya pili ya karne ya 20 ndiyo iliyowezesha dagaa wa Ziwa Victoria kuvuliwa kwa wingi wa kibiashara.

Karabai ilikuwa na njaa yake. Ilikula mafuta usiku kucha, kioo kilipasuka kwa tone la mvua, kitambi kilivunjika kwa wimbi, na mafuta yalivuja majini. Mwaka 2013 watafiti Tim Gengnagel, Philipp Wollburg na Evan Mills walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya Tanzania, ziwani na baharini, wakilinganisha karabai na taa za LED zinazotumia betri. Walichokikuta kiliwahusu wavuvi mfukoni kabisa: mafuta ya taa yalimeza sehemu kubwa mno ya pato lao, na taa ndogo za LED ziliweza kuvuta dagaa kwa kiwango kinachokubalika. Wavuvi hawakuhitaji kushawishiwa sana. Leo, katika mialo mingi, betri huchajiwa mchana kwa sola au umeme na kuwashwa usiku, na karabai ni kitu cha kusimuliwa.

Mabadiliko hayo yanastahili sifa. Moshi umepungua, hatari ya moto ndani ya mtumbwi wa mbao imepungua, na fedha iliyokuwa ikiungua usiku kucha sasa inaweza kubaki nyumbani. Lakini taa rahisi maana yake ni taa nyingi. Pale ambapo mafuta yalimlazimisha mvuvi kuhesabu karabai zake, betri haimlazimishi hivyo, na jambo hilo tutalirudia.

Sasa tumwendee mlaji wa dagaa. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria upande wa Uganda katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa ziwa zima. Kulikuwa na zaidi ya aina 500 za furu ziwani. Inakadiriwa kuwa karibu 200 zimetoweka, na sangara anabeba sehemu kubwa ya lawama hiyo. Ni samaki anayeweza kufikia urefu wa karibu mita mbili. Rekodi inayotambuliwa ya sangara aliyekamatwa kwa fimbo na mshipi ni ya mwaka 2000, kwenye Ziwa Nasser nchini Misri: kilo 104.

Mmulike sangara kwa tochi usiku, jicho lake litawaka. Upande wa nyuma ndani ya jicho hilo kuna tabaka linalorudisha mwanga ili upite mara ya pili kwenye sehemu inayoona, na kwa hiyo mwanga hafifu usiowatosha samaki wengine kwake unatosha. Anaona pasipoonekana. Tena ana, kama samaki wengi, mstari wa fahamu unaopita ubavuni, ambao husikia msukosuko wa maji unaosababishwa na mkia wa kiumbe kilicho karibu. Kwa macho hayo na ubavu huo, sangara huwinda kukiwa na giza ambalo dagaa na furu hawaoni vizuri. Hapa ndipo plastiki laini inapoingia katika hadithi.

Mwaka 1949, mjini Akron katika jimbo la Ohio, Marekani, fundi mmoja aliyeitwa Nick Creme pamoja na mkewe Cosma walianza kuuza mnyoo wa plastiki walioutengeneza nyumbani kwa kumimina vinili ya moto kwenye umbo la mnyoo halisi. Kabla ya hapo chambo bandia kilikuwa cha mbao, chuma au manyoya: kigumu. Samaki akikiuma na kukuta si nyama, anakitema papo hapo. Kile cha Creme kilibonyea mdomoni. Samaki alikishika kwa nukta chache zaidi, na nukta hizo ndizo zinazomtosha mvuvi kukaza mshipi.

Tangu hapo vimetengenezwa vya kila umbo: mnyoo, kamba, chura, kisamaki chenye mkia bapa kama kasia. Mkia huo ndio wenye maana kubwa usiku. Chambo kikivutwa, mkia hupiga kushoto na kulia na kusukuma maji, na msukumo huo husafiri hadi ubavuni mwa samaki asiyekiona bado. Anakuja kwa kusikia, kisha anamalizia kwa kuona.

Kutokana na hilo zinatoka kanuni za kazi ambazo kwa mgeni zinashangaza. Mtu angedhani gizani inafaa rangi nyeupe au ya kung'aa. Wavuvi wengi wazoefu huchagua nyeusi, au zambarau iliyokolea. Samaki mwindaji mara nyingi hutazama kutoka chini kwenda juu, na anga la usiku, hata lisilo na mwezi, lina mwanga zaidi kidogo kuliko kilindi cha maji. Dhidi ya anga hilo, kitu cheusi ndicho chenye umbo lililokatika vizuri. Kuna pia vyambo vya plastiki vinavyong'aa baada ya kumulikwa kwa tochi, na kwenye maji machafu au yenye kina kirefu vina nafasi yake. Lakini anayeanza na rangi nyeusi hajakosea.

Kanuni ya pili ni mwendo. Mchana chambo huweza kurushwa-rushwa, kikimbie, kisimame, kigeuke ghafla. Usiku kivutwe polepole na kwa mwendo usiobadilika, ili samaki anayekifuata kwa ubavu aweze kukisia kitakuwa wapi. Anayekivuta kwa pupa anamnyima samaki nafasi ya kulenga.

Na tazama jinsi mwezi unavyogeuza upande. Mbalamwezi inayompeleka mvuvi wa dagaa nyumbani ndiyo inayoweza kumsaidia mvuvi wa sangara mwenye plastiki, kwa kuwa inaweka wazi umbo la chambo dhidi ya uso wa maji. Ziwa ni lile lile na usiku ni ule ule. Mmoja anakunja nyavu, mwingine anaandaa mshipi.

Upande wetu wa ziwa, uvuvi wa burudani wa sangara una anwani inayojulikana: kisiwa cha Rubondo, mkoani Geita, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Uvuvi wa kibiashara hauruhusiwi katika maji yake, hivyo sangara wakubwa wamebaki humo, na wageni huwavua kwa kibali, kwa fimbo na chambo bandia, mara nyingi wakiwarudisha majini. Kwa Mtanzania wa kawaida hii ni michezo ya watu wenye fedha. Lakini fimbo ya bei ghali si sharti. Chambo cha plastiki chenye kichwa cha risasi hufanya kazi pia kwenye mshipi wa mkono, ndani ya mtumbwi uliotia nanga: kinashushwa hadi karibu na chini, kinainuliwa kiasi cha mkono, kinaachwa kishuke tena. Kinapokuwa kinashuka, ndipo mara nyingi huchukuliwa.

Swali ambalo mtu wa Geita au Sengerema atauliza ni hili: je, plastiki hii inaweza kuchukua nafasi ya chambo hai kwa wavuvi wa sangara wa kila siku? Swali ni la haki, kwa sababu chambo hai kina gharama ambayo ziwa hulipa. Mvuvi wa ndoano hutandika kamba ndefu yenye ndoano mamia, na kila ndoano inataka kisamaki. Anayependwa zaidi ni kambale mchanga, kwa kuwa kambale anaweza kupumua hewa: atastahimili saa nyingi kwenye ndoo yenye maji kidogo, na akitungwa ataendelea kutapatapa. Vifaranga hao wakivuliwa kwenye vinamasi na midomo ya mito, kambale wa kesho wanaondolewa leo, na furu wachache waliosalia nao wanaingia kwenye ndoo hiyo hiyo.

Jibu, hata hivyo, ni hapana. Plastiki inahitaji mkono wa kuivuta. Kwenye kamba iliyotandikwa na kuachwa hadi asubuhi, hakuna anayeivuta. Inaning'inia imekufa, bila mtikisiko wala harufu. Watengenezaji huchanganya chumvi na manukato ya samaki kwenye plastiki ili imvutie samaki zaidi, lakini harufu hiyo huisha majini upesi. Suluhisho lenye mantiki zaidi lilionekana nchini Uganda katika miaka ya 2000, ambako vituo vya kuzalisha vifaranga vya kambale viliuza sehemu kubwa ya vifaranga vyao kwa wavuvi wa sangara kama chambo. Kambale wa bwawani anamwacha kambale wa kinamasini akue. Geita na Mwanza zina vijana waliochimba mabwawa ya samaki na kulalamikia soko. Soko moja liko mwaloni, na linahitaji chambo kila usiku.

Kambale pia ndiye samaki anayemhusu mkazi wa Kagongwa moja kwa moja, kwa maana hahitaji kusafiri kwenda ziwani kumpata. Ukanda huu ni wa malambo, yaliyochimbwa kwa ajili ya ng'ombe na watu tangu kabla bomba la ziwa halijafika, na kwenye lambo lisilokauka kambale hakosi. Naye huwinda usiku. Ila mlango wake wa fahamu ni mwingine kabisa. Macho yake ni madogo, maji ya lambo ni tope, na anachotegemea ni zile sharubu nne kila upande wa mdomo, jumla nane, zinazogusa na kuonja kwa pamoja. Mtu akimpelekea kambale wa lambo kisamaki cha plastiki kizuri kilichotoka ng'ambo, amempelekea picha mtu aliyefumba macho. Utumbo wa kuku, nyungunyungu, kipande cha dagaa kilichoanza kunuka, ndivyo vitakavyomleta. Watoto wa ukanda huu wanaovua malambo kwa nyungunyungu hawakufundishwa na mtaalamu yeyote, na wako sahihi.

Turudi kwenye taa. Kwa uzito, dagaa ndiye anayeongoza sasa katika samaki wote wanaovuliwa Ziwa Victoria, na sehemu kubwa yake haifiki kwenye sahani ya mtu bali kwenye chakula cha kuku na mifugo mingine. Dagaa huzaliana haraka, na hilo limemwokoa. Asiyezaliana haraka ni yule anayemfuata dagaa chini ya taa. Sangara wachanga huja kula penye mwanga, furu vilevile, na wavu wa macho madogo hauchagui. Hatari hiyo ni kubwa zaidi karibu na ufuo, kwenye ghuba zenye kina kifupi, ambako ndiko samaki wachanga hukulia. Mvuvi anayewasha taa zake mbali, kwenye maji makuu, anavua dagaa. Anayeziwasha ndani ya ghuba anavua mtaji wa miaka mitatu ijayo pamoja na dagaa.

Serikali imepigana na uvuvi haramu kwa nguvu, hasa kwenye operesheni ya sangara ya mwaka 2018, ambapo kokoro na nyavu nyingine haramu zilichomwa hadharani. Kwenye Ziwa Tanganyika, mwaka 2024, uvuvi ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Ziwa Victoria lina pumziko lake la zamani, zile siku za mwezi mpevu. Hakuna waziri aliyelitangaza. Lilikuja na karabai, kwa sababu karabai haikuweza kushindana na mwezi. Taa zikiendelea kuongezwa nguvu na idadi hadi mvuvi asione tena sababu ya kurudi nyumbani mwezi ukijaa, pumziko hilo litapotea, na ziwa halitapewa lingine bure. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi mialoni, maarufu kama BMU, vina sababu nzuri ya kulilinda kwa sheria ndogo wakati bado lipo kwa desturi.

Plastiki laini nayo ina deni. Hulainishwa kwa kemikali, haiozi, na ikikatika hubaki majini au tumboni mwa samaki. Katika jimbo la Maine, Marekani, mwaka 2013 wabunge walijadili mswada wa kuipiga marufuku. Ziwa letu limekwisha kubeba vipande vya nyavu na chupa vya kutosha. Anayetaka kuanza uvuvi huu aanze na desturi ya kurudi na kila kipande kilichochanika ndani ya mfuko wake.

Kwa msomaji wa Kagongwa atakayesafiri hadi Nkome au Mwanza kujaribu usiku mmoja, mambo ya kwanza si rangi wala umbo la chambo. Avae jaketi la kuokolea. Watu kati ya 3,000 na 5,000 hukadiriwa kufa kila mwaka katika ziwa hili, na dhoruba za usiku hazingoji mtu amalize kuvuta mshipi. Asikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kuondoka, aende na mtu anayelijua eneo, na awe na leseni. Achukue pia kitu cha kupimia: kanuni zimeweka sentimita 50 kuwa urefu wa chini wa sangara anayeruhusiwa kuvuliwa. Aliye pungufu ya hapo arudishwe majini akiwa hai, kabla taa haijazimwa.